Mafiga Yaliyoachwa Yamesimama

Nyinyi mnaolala njiani na watoto, kabla hamjafunga mizigo nisikilizeni habari ya Costancia wa Ulaya, kile kijiji, si Ulaya ya Wazungu. Sisemi msisafiri. Nani ataacha kusafiri na watoto wanataka kula? Nasema tu, mkifika mahali pa kulala, kabla hamjawasha moto, muangalie chini.

Costancia alikuwa anauza sufuria kwenye minada ya wafugaji, huko nyikani upande wa kwendea Mikumi. Mnaopajua kiangazi mnajua. Ardhi nyeusi imepasuka, ukikanyaga vibaya ufa unaumeza mguu mpaka kifundo. Nyasi zimeungua, mito imebaki mchanga, na upepo unaokota majivu unayamwaga machoni. Ukiita, sauti yako inaenda tu, haina cha kugonga irudi. Mdogo wake, Evarist, ndiye aliyekuwa na guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma. Siku hiyo sandukuni zilikuwamo sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, kidumu cha maji, unga na turubai, na juu ya turubai, amefungwa khanga kiunoni kama mzigo mwingine asije akadondoka, alikaa Happiness, binti yake Costancia, mwanafunzi wa awali.

Watu walimsema. Mtoto mdogo vile mnadani? Vumbi lile, jua lile, na tembo wanaotoka hifadhini? Si amwache kwa jirani, si ni likizo? Costancia aliwaitikia vizuri wote, kisha akampandisha mtoto juu ya mizigo. Hakuwaambia kwamba anaogopa kugeuza mgongo. Happiness alikuwa hali chakula.

Si kwamba hali kabisa. Anakula matonge mawili, anafuta mkono kwenye gauni, anasema ameshiba. Uji anaukoroga mpaka unapoa. Ilianza alipofariki bibi yake, Gaudiosa, mama mzazi wa Costancia. Bibi ndiye aliyemlea tangu kuachishwa ziwa, maana Costancia alikuwa Ruhembe kwenye vibarua vya kupalilia miwa, anarudi sikukuu kwa sikukuu na sukari na kandambili mpya. Bibi akazikwa, Costancia akarudi moja kwa moja, akakuta mtoto anamwita mama kwa adabu, kama mtu anavyomwita mwalimu. Zahanati walimpima, malaria hana. Wakampa dawa ya minyoo. Akapikiwa wali, akapikiwa ndizi, akanunuliwa soda. Wapi! Mifupa ya mabega ikaanza kujitokeza. Mtoto akilala, Costancia alikuwa anamshika kifundo cha mkono, anakizungushia vidole, na kila akipima anaona vidole vyake vinapishana zaidi.

Basi, walitoka Ulaya ili walale kwa mwenyeji karibu na mnada. Jua lilipoanza kulegea, katikati ya nyika pasipo na hata kivuli cha kuku, guta likakohoa, likapiga kelele ya chuma, likasimama. Cheni imekatika.

Evarist alishuka, akachungulia, akavua kofia.

"Dada, tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Hapa hapa. Karibu nyumbani."

"Evarist, mimi sitaki utani. Piga simu."

"Mtandao tumeuacha kule kwenye vilima, ulitupungia mkono hukuuona?"

"Na tembo je?"

"Tembo akija mgongee sufuria. Akinunua, tutagawana."

Happiness alicheka. Kicheko kidogo tu, lakini Costancia alipogeuka haraka kumtazama, mtoto akakimeza.

Evarist alisema ana kiungo cha cheni mfukoni, ataiunga, ila kazi yenyewe inataka macho, na giza likimkuta hajamaliza basi watalala. Costancia hakubishana. Alimfungua mtoto ile khanga, akamshusha, akaenda kutafuta mahali pa moto. Na hapo ndipo nasema muangalie chini.

Hatua chache kutoka njiani, ukingoni mwa korongo kavu, palikuwa na mafiga. Mawe matatu meusi kwa masizi, yamepangwa vizuri, yamesimama. Katikati yake hakuna jivu wala kaa, upepo ulishafagia zamani. Nyika nzima ile huokoti jiwe, ni udongo mtupu, na hapa yamekaa matatu kama yaliyoagizwa.

Sasa, sisi tunaohamia mashambani kulinda mpunga, tunaolala vibandani mpaka mavuno, jambo hili tumefundishwa na mama zetu. Ukihama, mafiga yako unayalaza. Unasukuma kila jiwe kwa mguu, upande wenye masizi unatazama chini, ndipo unajitwisha mzigo wako. Umemaliza kupika hapo. Mafiga yaliyolazwa ni mawe tu, mtu yeyote atayainua. Lakini yaliyosimama yana mwenyewe, na mwenyewe bado ana nia ya kurudi kupika. Ukiyakuta unapiga hodi, unangoja. Asipotokea mtu unatafuta ya kwako, hata kama ni mabonge ya kichuguu.

Costancia alilijua hilo, mama yake alimfundisha. Aliyatazama mawe, akalitazama jua, akaitazama mikono ya mtoto ilivyokuwa myembamba. Akasema moyoni, nani atarudi huku? Akateleka sufuria.

Evarist akapaza sauti kutoka chini ya guta. "Dada, mafiga umeyapata wapi?"

"Nimeyakuta."

"Yamelala?"

Costancia akajifanya hasikii, akavunja kijiti akatia motoni.

Maji yalipoanza kuchemka alikwenda gutani kuchukua mwiko. Mwiko ulikuwa umejificha katikati ya sufuria, akawa anazitoa moja moja, anazirudisha. Alipogeuka nao mkononi akakuta wana mgeni.

Ni mwanamke wa rika lake. Amekaa chini kabisa penye vumbi, miguu ameinyoosha, amejifunga khanga mbili zilizopauka mpaka maua yake hayatambulikani. Happiness, mtoto aliyefunzwa na bibi, alikuwa ameshampa shikamoo yake na ameshasogea karibu, magoti yao yanagusana. Costancia hakushtuka. Siku ya kuamkia mnada watu wengi hutembea kwa miguu wauwahi, na mwenye moto hupata wageni.

"Karibu, mama," akasema. "Umetoka mbali?"

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Uso wake mpole, umechoka, wa mtu aliyetembea sana na hataki kulalamika.

Evarist naye akachomoza kichwa. "Karibu sana mgeni! Hoteli ni hii, chakula kipo, ila vitanda vimejaa!" Akarudi kwenye cheni yake.

Costancia akasonga ugali, akaepua, akapasha mlenda aliokuja nao kwenye kibakuli. Akapakua kwenye sinia, akanawisha mtoto mikono, akaweka sinia katikati. Kisha akakaa kama alivyozoea kukaa, mikono mapajani, macho kwa mtoto, anangoja kuhesabu matonge.

Happiness akakata tonge. Akalifinyanga, akalichovya, akalishikilia hewani asijue alipeleke wapi. Yule mgeni akainama kidogo, akafungua mdomo.

Mtoto akamlisha.

Kisha akakata tonge la pili, akala mwenyewe. La tatu akampa mgeni. La nne akala. Tonge kwa yule, tonge kwake, mlenda unachuruzika kwenye kiwiko, na mtoto anatafuna huku miguu inacheza. Costancia hakuamini macho yake. Tangu msiba hajaona shavu la mwanawe limevimba kwa chakula. Alitaka kumwita Evarist aje aone, akaogopa kuvunja ile hali, akabana pumzi kama mtu aliyetuliwa na ndege mkononi.

Ndipo Evarist akaja, anafuta grisi kwenye suruali. Akasimama nyuma ya dada yake, akainama sikioni.

"Dada. Upindo wa khanga ya huyu mama umelowa."

"Nimeona."

"Maji kayapata wapi? Korongo lile ni mchanga mtupu."

"Evarist, nyamaza."

"Tazama chini yake basi. Matone yanadondoka. Vumbi halilowi."

"Nimeona, nimekwambia. Nyamaza. Mtoto anakula."

Mniambie nyinyi mlio na watoto, mngefanya nini? Aliona. Tangu tonge la pili aliona yale matone yanavyodondoka na kupotea, na nywele za mwilini zikamsimama. Lakini mtoto alikuwa anakula. Akasema moyoni, tonge moja tu zaidi. Likapita hilo, akasema tena, hili tu. Hivyo ndivyo tunavyonaswa sisi mama.

Sinia likabaki nusu. Jua lilikuwa limegusa nchi, jekundu, kubwa kama ungo. Mgeni akasimama, akajikung'uta khanga. Akanyoosha mkono, na Happiness akaupokea bila kuuliza, kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Wakaanza kutembea kuelekea korongoni.

"Happiness!" Costancia akaita. "Hepi! Njoo huku mama!"

Mtoto hakugeuka.

Costancia akakimbia. Wale wanatembea, tena polepole, mtoto anaruka nyufa kwa kuchezea, na yeye anakimbia mpaka kifua kinawaka, na ule umbali kati yao haupungui. Anamwona mwanawe vizuri kabisa, anaona hata vumbi kwenye visigino vyake, hamfikii. Nyuma akasikia Evarist anapiga kelele.

"Nayabomoa mafiga, dada! Nayavurumisha korongoni, tuone atakaa wapi!"

Costancia akasimama palepale. Evarist alikuwa ameinua buti juu ya jiwe la kwanza.

"Usiguse!" akapiga ukelele. "Evarist, usiguse! Mtoto yuko mkononi mwake. Ukimvunjia jiko, atarudi wapi?"

Hapo akaelewa la kufanya, na hakuna jambo lililowahi kumwia gumu kama lile. Alimpa mwanawe mgongo. Yeye aliyekuwa anaogopa hata kumwacha kwa jirani, akageuka, akamwacha anakwenda na asiyemjua, akarudi kwenye moto. Hakukimbia tena. Akateleka sufuria yenye ukoko wa ugali juu ya yale mawe, akalirudisha sinia mahali pake, akapiga magoti. Akafanya kile alichopaswa kufanya mwanzo.

"Hodi," akasema.

Akangoja, kama alivyofundishwa. Kisha akapiga tena.

"Hodi, mwenye mafiga. Nimeyakuta yamesimama, nikajua yana mwenyewe, nikapika bila kubisha. Kosa ni langu, mtoto hajui. Jiko ni lako, mama. Mwiko huu hapa. Rudi upakue mwenyewe, sisi ni wageni wako."

Kule ukingoni mwa korongo yule mwanamke akasimama. Akakaa vile, kama mtu anayesikiliza kama ameitwa yeye au mwingine. Mtoto akamwangalia usoni. Kisha wote wawili wakageuka.

Walirudi kwa mwendo uleule wa polepole. Costancia aliinamisha kichwa, mwiko ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa kitu. Akasikia umechukuliwa. Mkono uliomgusa ulikuwa wa baridi, baridi ya mtungi, si ya kuogofya. Mwenye mafiga akakwangua ukoko, akapakua: kidogo kwa mtoto, kidogo pembeni mwa sinia upande wake, na sehemu kubwa akaisogeza mbele ya Costancia. Akamtazama. Costancia anasema macho yale hayakuwa na ubaya hata chembe. Yalikuwa macho ya mama yeyote aliye kwenye foleni ya zahanati.

Kisha akakishika kiganja cha Happiness, akakiweka ndani ya kiganja cha Costancia, akavifunga pamoja. Ndipo akasema, mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa koo:

"Maji ni mbali. Ukienda, nenda naye."

Upepo ukapuliza moshi machoni pa Costancia. Alipoyafikicha, mbele yake palikuwa na sinia, mwiko na vumbi kavu. Jua limeshazama.

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri isipokuwa Happiness. Alijikunja kwenye mapaja ya mama yake chini ya turubai akakoroma kama mtu mzima. Evarist alichochea moto mpaka kuni zikaisha, na mizaha yake ikaisha pamoja nazo.

Kulipopambazuka, Costancia aliona mahali alipokuwa amekaa mgeni. Vumbini, kwenye mstari, yalikuwa yamelala matonge. Yote aliyolishwa, hata moja halijaliwa, na kila moja lina alama ya vidole vidogo. Siafu walikuwa wanapita pembeni, hawayagusi.

Alikuwa bado ameyaduwalia aliposikia kengele za ng'ombe. Kundi lilikuwa linapita kwenda mnadani, na kando ya kundi mama wa kifugaji, mtu mzima, shuka jekundu na shanga, kibuyu cha maziwa begani. Aliiacha njia akaja moja kwa moja kwenye mafiga kama mtu anayekuja kwake. Alipoona majivu katikati ya mawe akasimama ghafla.

"Shikamoo, mama," Costancia akasema.

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmepika hapa?"

"Tumepika. Tulikosea, mama yangu, tusamehe. Kama ni ya kwako—"

"Alikuja?"

Costancia hakuwa na haja ya kuuliza nani. "Alikuja."

Yule mama akakitua kibuyu, akakaa chini. Akasema anaitwa Nashipai. Kila akipita hapa humimina maziwa kidogo katikati ya mawe, kisha anaenda zake, hajawahi kuwasha moto.

"Mimi si mzaliwa wa bomani," akasema. "Waliniokota. Mwaka wa ukame, watu wanahama mashamba, mama yangu alikuwa ananipeleka kwa ndugu zake. Akapanga mafiga haya, akateleka sufuria, maji hayakutosha. Akaniambia kaa hapa uangalie moto, nakuja. Wazee wa boma walinikuta nimekaa na sufuria imeungua. Yeye walimkuta baadaye, mbali, kwenye kidimbwi cha mwisho kilichobaki. Tope lilimshika. Walimzika kulekule."

Evarist akavua kofia, safari hii si kwa mzaha.

"Nikawaomba wasiyalaze mawe," Nashipai akaendelea. "Nilisema akirudi ataona mahali aliponiacha. Wasafiri wengi wamemwona. Mimi nimekaa hapa mchana, nimekaa jioni, nimemwita. Haji. Mimi hanitafuti, unaelewa? Anamtafuta mtoto mdogo. Mimi nimekua, hanijui."

Ng'ombe mmoja akapiga kwato.

Nashipai akamgeukia Happiness. "Mjukuu wangu, wewe ulimwona karibu?"

"Ndiyo. Nilimwamkia na aliitikia, ila hawa hawakusikia."

"Uso wake ukoje? Mimi nimeusahau. Nakumbuka khanga tu."

Happiness akafikiri, ulimi nje. "Ana uso wa kulala usingizi. Akifungua mdomo nimlishe anacheka kidogo. Halafu hapa," akajidunga kidole shavu la kushoto, "hapa panaingia shimo. Huku hakuna, huku tu."

Nashipai akaweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanateremka na huku anacheka, hawezi kuyazuia wala kukizuia kicheko, na shavuni kwake, upande wa kushoto tu, pakaingia shimo. Costancia akaliona. Happiness naye akaliona, akapiga makofi.

"Na ulikula kwake?" Nashipai akauliza, anajifuta.

"Nilikula sana."

"Mbona kwangu huli?" Swali lilimtoka Costancia kabla hajalizuia. Tangu msiba alikuwa hajawahi kuliuliza kwa sauti, aliogopa jibu.

Mtoto akamshangaa. "Na yule mgeni si alikuwa anakula? Na bibi vilevile, alikuwa haoni sinia. Mimi ndiye nilikuwa namlisha. Moja lake, moja langu, mpaka linaisha. Wewe huli, mama. Unakaa tu unanitazama."

Costancia akaitazama mikono yake iliyolala mapajani. Mwaka wa mwisho wa mama yake, Ruhembe alipelekewa habari kwamba macho ya bibi yamezidi kufifia. Hakuambiwa nani anamlisha. Alikuwa anadhani mtoto ndiye anayelishwa.

Evarist akajikohoza. "Kiporo kipo," akasema. "Kuna anayetaka kiporo, au nimpe tembo?"

Kiporo cha ugali kikaletwa, Nashipai akamimina maziwa bakulini. Happiness akakaa katikati yao kama mwenye shughuli. Akakata tonge, akalichovya, akampelekea Nashipai. Yule mama mtu mzima, na shanga zake zote, akainama na kufungua mdomo kama kifaranga, akafumba macho. Mtoto akala la pili. Kisha akakata la tatu, akaligeuza geuza vidoleni, akamtazama mama yake.

Costancia alitoa mikono mapajani. Akasogea mpaka magoti yao yakagusana. Akafungua mdomo.

Walikula mpaka bakuli likafutwa kwa kidole. Evarist akamalizia cheni, guta likanguruma. Kabla hawajaondoka, Nashipai aliyazunguka yale mawe mara moja, akapiga hodi kwa lugha ya mama yake, maneno machache aliyobaki nayo. Akalaza jiwe la kwanza, masizi chini. Akalaza la pili. La tatu hakulilaza. Alilifunga kwenye shuka, akalibeba mgongoni kama mtoto.

"Hili nalipeleka jikoni kwangu," akasema. "Wajukuu ninao. Akiwa na hamu ya kulisha, aje huko."

Nasikia wajukuu wake siku hizi wanakula hawabakizi. Happiness naye amenenepa. Costancia ameacha kupima kifundo cha mkono, na mnadani hakai mbali naye, sinia lao moja, wateja wanangoja mpaka wamalize.

Nanyi mkipita njia ile mtayaona mawe mawili yamelala. Hayawezi kushika sufuria, msihangaike nayo. Lakini nyika ni kubwa na watu wanaolala njiani ni wengi, na si wote wanaokumbuka kulaza mafiga. Mkiyakuta mengine yamesimama, pigeni hodi, hata kama hamwoni mtu. Mkipika, mpishi naye ale. Na mkienda maji, msimwambie mtoto akae aangalie moto. Mbebeni. Maji ni mbali.